Propela sita kwenye O.S. 46 moja: ya kusi, ya kaskazi na ya Nairobi

Asiye na muda wa hadithi achukue jibu lake hapa aende zake. Kama una injini ya O.S. 46AX kwenye ndege ya rimoti ya kujifunzia na unarushia Pwani, funga propela ya APC 11x5. Miezi ya kusi badilisha, weka 11x6. Ukipanda Nairobi, weka 12x4. Nyingine nilizojaribu ni nzuri kwa ndege za aina nyingine, na moja haifai hata kwa pambo la ukutani.

Mie ni fundi wa mitambo ya majini, mstaafu. Umri wangu mwingi umeishia kwenye vyumba vya injini vya tagi, bandarini Kilindini, kwa hiyo nikiona propela yoyote, ya majini au ya angani, naitazama kwa jicho la kazi. Tagi inaikokota meli iliyo kubwa kuliko yenyewe mara kadhaa kwa sababu propela yake ni pana na mlazo wa mapanga yake ni mdogo. Haina mbio, ina msuli. Boti ya mashindano ni kinyume chake. Nilipoanza mchezo huu wa ndege za rimoti nikawakuta vijana kiwanjani wananunua propela kwa kutazama ipi ina namba kubwa ya pili, wakiamini ndiyo yenye nguvu. Ndege yao ikishafika juu inakimbia kweli. Kufika juu ndiyo shughuli.

Namba zenyewe ni rahisi. Katika 11x5, 11 ni upana wa duara la propela kwa inchi, ncha hadi ncha. Hiyo 5 ndiyo pichi, yaani inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa isingeteleza. Ukitaka kujua propela inakupa mwendo gani, zidisha mizunguko ya dakika moja kwa pichi, kisha kwa 0.00152, upate kilomita kwa saa. Ndege haifiki mwendo huo kamili, kwa sababu hewa inateleza na mwili wa ndege unazuia, lakini ni kipimo kizuri cha kulinganisha hii na hii.

Ndege niliyoitumia ni Kadet LT-40 ya Sig, kampuni ya Iowa huko Marekani. Ni ya mbao za balsa, mabawa inchi 70, magurudumu matatu, uzito kilo mbili na nusu na kitu juu yake. Ni ndege ya upole, inaelea, na kwa hesabu yangu haianguki mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 30 kwa saa. Injini, O.S. 46AX, ni ya Kijapani, ya mipigo miwili, ujazo wa cc 7.5. O.S. wameanza Osaka tangu 1936 na ufundi wao unaonekana, hata nati ya mbele inaingia kwa vidole mpaka mwisho bila kulalamika. Mafuta nachanganya mwenyewe: methanoli sehemu nne, mafuta ya mbarika sehemu moja, basi. Nitromethani sitii. Mafuta ya aina hii hayaruhusiwi kwenye begi la ndege ya abiria, na mie sina haja ya kubishana na mtu wa forodha kwa ajili ya mchezo. Mbarika inachafua, inaacha utando wa kahawia kwenye ekzosi, lakini beringi zinaipenda. Nasema haya kwa sababu ukitumia mafuta yenye nitro, injini yako itazunguka kasi zaidi kuliko yangu. Tofauti ya propela na propela, hata hivyo, itabaki ile ile.

Kupima mizunguko nina takometa ya kusoma mwanga. Kabla ya kuiamini niliielekeza kwenye taa ya tyubu ya zamani jikoni. Umeme wetu ni hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, na takometa iliyowekwa kwa propela ya mapanga mawili lazima isome 3,000. Yangu ilisoma 3,000 palepale. Wauzaji wa takometa hawakuambii hili, nalo ni jambo la nusu dakika. Bulbu mpya za LED nyingi hazifai kwa kazi hii, tafuta tyubu ya kizamani.

Nianze na Master Airscrew 10x6, nyeusi, ya nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Imetengenezwa safi, ncha zake laini mkononi, bei yake nafuu. Kwenye injini yangu ilizunguka kama 13,500 kwa dakika ndege ikiwa chini, ambayo kwa ile hesabu ni kilomita 123 kwa saa. Tatizo si propela, tatizo ni ndoa. Kadet ni pana, ina mabawa manene, haiwezi kwenda 123 hata ukiiapia. Injini inapiga kelele, mafuta yanakwisha, ndege inabaki kwenye mwendo wake wa kizee, na wakati wa kuruka inakimbia uwanja mrefu kabla ya pua kunyanyuka. Ukitua nayo ndiyo taabu zaidi. Hata ukirudisha injini chini kabisa, bado pichi ya 6 inasukuma, na ndege inapita juu ya kiwanja ikikataa kushuka. Mwanafunzi anahesabu kwamba ametua, kumbe bado.

APC 11x6 ikazunguka 11,700, sawa na kilomita 107. APC ni propela za California, za plastiki ngumu yenye nyuzi ndefu za kioo, kijivu kizito, na mapanga yake ni membamba kwenye kingo kuliko nyingi nilizoshika. Msasa laini namba 400, pitisha kidogo kwenye kingo ya mbele kabla ya kufunga, vidole vitakushukuru. Panga hili halipindi. Linauma hewa tangu unapoanza kuisukuma injini, na unasikia mlio unavyobadilika ndege inapoanza kwenda. Kwa Kadet siku ya hewa tulivu, hii ni nyingi kidogo. Lakini subiri upepo.

Watu wa Pwani hawahitaji kuambiwa kuhusu kusi. Juni na Julai upepo unatoka baharini alasiri nzima na haupumziki. Siku kama hiyo nilikuwa na 12x4 mbele, inayozunguka 11,900, yaani kilomita 72 kwa saa kwenye karatasi na pungufu ya hapo angani. Ndege iligeuzwa uso kwa upepo ikasimama. Hailegei, haianguki, imesimama tu juu ya minazi, rimoti imesukumwa mpaka mwisho. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, imekwama?" Haikukwama. Ilikuwa inakwenda mbele kama upepo ulivyokuwa unakwenda nyuma. Kuirudisha nyumbani ilibidi niinamishe pua na kushuka ngazi kwa ngazi. Tulipofunga 11x6 alasiri ile ile, na sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta yanayoingia, ikarekebishwa, ndege ilikata upepo bila wasiwasi. Pichi ndiyo inayokupa mwendo wa akiba, na kwenye kusi mwendo wa akiba ndio unaokurudisha kwenye kiwanja chako badala ya shamba la mtu.

Hilo la sindano lisipite hivi hivi. Kila ukibadilisha propela, mzigo wa injini umebadilika, na sindano lazima uiguse upya. Propela kubwa ikikaa mahali pa ndogo na sindano ikabaki palepale, injini inaweza kukaukiwa hewani na kuzimika kwa joto. Mie hufungua kidogo upande wa mafuta mengi, naipaisha pua ya ndege juu nikiwa nimeishika vizuri mkononi, naisikiliza sekunde kadhaa. Mlio ukipanda kidogo na kutulia, sawa. Ukipanda kisha ukafifia, haijashiba.

Halafu ikaja APC 11x5, na hapa sina shaka. 12,400 ndege ikiwa chini, kilomita 94. Kwa nini inchi moja ya pichi ilete tofauti hivyo? Kwa hesabu ya karibu, mzigo wa propela unakua kwa pichi mara moja, lakini kwa kipenyo mara nne: kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Kutoka inchi 10 hadi 11 kwa pichi ile ile unaiongezea injini karibu nusu ya mzigo kwa mizunguko ile ile. Kutoka pichi 6 hadi 5 unaupunguza sehemu moja ya sita tu. Kwa hiyo wazee wa mchezo huu wanasema ukiongeza inchi ya upana, punguza inchi ya pichi, ili injini isilemewe sana. 11x5 ndiyo 10x6 iliyobadilishwa kwa busara hiyo. Injini inabaki kwenye mizunguko inayoipenda, lakini hewa inayosukumwa nyuma ni nyingi na ya mwendo wa wastani, ambayo ndiyo ndege nzito ya polepole inayoitaka.

Kwenye uwanja tofauti unaiona kwa macho. Na 11x5, Kadet inanyanyuka katikati ya kiwanja chetu cha nyasi. Inapanda kwa pembe ambayo 10x6 iliishindwa. Na ukirudisha injini chini, lile panga pana la pichi ndogo linakuwa breki. Ndege inashuka kwa mstari, unaiweka unapotaka. Kwa mtu anayefunza watoto wa jirani kama mie, hii peke yake inatosha kuichagua. Kaskazi yote, Desemba mpaka Machi, sijafungua nati.

Ya mbao nilijaribu moja, Zinger 11x6, nayo inazunguka karibu sawa na ndugu yake ya plastiki. Kuna watu hawataki kusikia kitu kingine zaidi ya mbao, na nawaelewa. Nyepesi, injini inapandisha mizunguko kwa haraka ukisukuma rimoti, na mlio wake una utu. Pia ndege ikianguka kwa pua, mbao inavunjika yenyewe na kuuokoa mhimili wa injini. Uzuri huo huo ndio hasara: kwa mwanafunzi anayepiga pua kila wiki, ni mbao za kuwashia jiko. Tena kwa kuwa nyepesi, injini ikizungushwa chini kabisa haina kitu cha kuisaidia kuvuka mgandamizo, ikabidi nipandishe mwendo wa chini kidogo ili isizimike. Jambo jingine la sisi watu wa Pwani ni unyevu. Mbao niliyoiacha karakanani ikiwa sawasawa, mwezi ukipita nakuta upande mmoja umezidi. Tone la vanishi upande mwepesi, inarudi. Mwenye subira ainunue.

Sasa ile ya sita. Haina jina, imeandikwa 11x6 tu, nayo ilikuja ndani ya pakiti ya nyingi kwa bei ya moja kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Nilipoiweka kwenye mhimili wa kupimia mizani, panga moja likashuka moja kwa moja, bila hata kusita. Hili si la ajabu, hata propela nzuri huja na tofauti kidogo, unaparuza panga zito kwa msasa upande wa nyuma, hapa na hapa, mpaka inakaa mlalo. Nikaparuza mpaka ikakaa. Lakini nilipoisimamisha wima ikageuka tena. Nikaifunga kwenye injini bila plagi, nikashika kalamu ya risasi ikiwa imeegemea tofali, ncha ikigusa ncha ya panga la kwanza. Nikazungusha nusu. Panga la pili halikuifikia kalamu, pakabaki nafasi ambayo sarafu ya shilingi ingepita. Tundu la katikati lilitobolewa pembeni. Hakuna msasa wa kuliponya hilo.

Wengine watasema milimita mbili si kitu. Kwenye mizunguko 12,000 kwa dakika, propela inapita mara 200 kwa sekunde, na kila mara inaivuta pua ya ndege kuelekea upande mmoja. Mtikisiko huo unatia povu kwenye tangi la mafuta, injini inanyonya mapovu badala ya mafuta, inazimika, nawe unaishuku kabureta. Skrubu zinalegea moja moja. Servo, vile vimota vya kusogeza usukani, zinakula meno yake. Niliivunja kwa goti nikaitupa, maana ningemwachia mtu angeifunga. Vilevile sitaki kuona mtu anapanua tundu la propela kwa drili ya mkono. Mhimili wa injini hii ni robo inchi. Kama tundu ni dogo, tumia kipanuzi cha ngazi chenye pini ya katikati, au mpelekee fundi mwenye mashine ya lathe.

Jambo linalowakamata wengi wanaoagiza APC ni herufi ndogo baada ya namba. Ukiona 11x5.5E, hiyo E ni ya mota za umeme. Panga ni jembamba, zuri, lakini kampuni yenyewe inasema isifungwe kwenye injini ya mafuta, kwa sababu mipigo ya injini inaipasua. SF ni mbaya zaidi kwetu: ni ya ndege nyepesi za polepole, na kikomo chake ni 65,000 gawanya kwa kipenyo. Kwa inchi 11 hiyo ni mizunguko 5,900 hivi. Injini yangu inaivuka mara mbili bila kujitahidi. Panga likichomoka kwenye mwendo ule, halichagui linampata nani. Ndiyo maana propela za chuma zimepigwa marufuku kwenye kanuni za usalama za chama cha warusha ndege za mfano cha Marekani, na mie kiwanjani hakuna anayesimama pembeni ya propela inayozunguka, awe mjukuu awe mzee. Mbele tunawasha, nyuma tunarekebisha. Kuwasha kwa fimbo au stata, si kwa kidole. Na panga lenye pengo kwenye kingo, hata liwe dogo, halirudi kazini.

Nairobi ni sura nyingine. Binti yangu anaishi huko, na nilipomtembelea nikabeba Kadet. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa kama sehemu moja ya sita. Nilitegemea injini ianguke mizunguko. Haikuanguka sana, na ukifikiri utaona kwa nini: injini inapata hewa kidogo, lakini propela nayo inakutana na hewa kidogo, wote wawili wamepungukiwa pamoja. Takometa inakudanganya kwamba mambo ni sawa. Mvuto ndio uliopungua, na mabawa nayo yanataka mwendo zaidi ili yabebe. Na 11x5 niliyoizoea, ndege ilikimbia, ikakimbia, ikanyanyuka kwa uvivu karibu na ukingo wa kiwanja.

Hapo ndipo 12x4, ile iliyoaibika kwenye kusi, ilipopata heshima yake. Upana zaidi unashika hewa zaidi, na pichi ndogo inaiachia injini nafasi ya kuuzungusha. Asubuhi za Nairobi zina utulivu, mwendo wa kilomita 72 hauna wa kuupinga. Kadet ilipanda karibu kama ilivyozoea nyumbani na 11x5. Tahadhari mbili tu. Sindano utaifunga kidogo, maana mchanganyiko wa Mombasa unakuwa mzito ukifika juu. Na propela ya inchi 12 inaisogelea nyasi kwa nusu inchi zaidi kuliko ya 11. Kiwanja kisichofyekwa kitakunyoa ncha, au nyasi zitakunyoa wewe mfuko.

Bei zenyewe si za kuogopesha, APC ni dola chache kila moja, lakini nauli ya kuifikisha hapa inaweza kupita bei yake, kwa hiyo agiza kwa mkupuo na wenzako. Oda yangu ijayo imeshaandikwa: 11x5 tatu, 11x6 mbili, 12x4 moja. Zinger sitaagiza, ninayo inatosha kwa siku za kujifurahisha. Ile 10x6 nimempa mpwa wangu, ambaye ana ndege ya mabawa mafupi na mwili mwembamba yenye injini kama yangu. Yeye anaipenda, na ndege yake inaipenda zaidi.